Kitabu Walichokisoma Wote

Mkurugenzi wa Idara ya Ardhi alirudi kutoka semina, na wafanyakazi wakajua wamekwisha. Kila semina ilimrudisha na homa yake. Semina ya afya iliwanywesha wote glasi nane za maji kwa siku, hadi foleni ya chooni ikawa ndefu kuliko ya wananchi waliokuja kufuatilia hati zao. Semina ya upendo kazini iliwaamuru wasalimiane kwa kukumbatiana, amri iliyokufa siku ya tatu baada ya dereva kuitii kwa moyo wote pale mapokezi. Safari hii mkurugenzi alisimama mbele yao Jumatatu asubuhi, akapandisha suruali, akawatazama mmoja mmoja.

"Unasoma nini sasa?" akauliza.

Hakuna aliyejua anaulizwa nani. Mhasibu alisukuma gazeti la mpira chini ya makalio.

"Hilo ndilo swali," mkurugenzi akaendelea. "Wenzetu walioendelea wakikutana hawapotezi muda na habari za nyumbani, habari za watoto. Wanaulizana, unasoma nini sasa? Basi kuanzia wiki ijayo, kila Jumatatu, kila mmoja atasimama hapa atuambie anasoma kitabu gani, amefika wapi na amejifunza nini. Afisa utumishi ataandika. Na tukija kwenye kupandisha watu vyeo, tutayaangalia maandishi hayo."

"Tutayaangalia," alisema naibu wake, mtu ambaye wafanyakazi walimwita Mwangwi, kwa sababu katika miaka sita hajawahi kusikika akianza sentensi yake mwenyewe.

Neno vyeo lilimgonga kifuani karani wa masjala. Jina lake la kazini lilikuwa Muhuri, maana muhuri wa idara ulikaa kwake na aliugonga kwa kishindo kana kwamba nchi nzima inamsikiliza. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amekaa katika chumba kisicho na dirisha, katikati ya mafaili yaliyopangwa hadi darini, akipiga chafya. Upande wa pili wa ukuta palikuwa na ofisi ya msimamizi wa masjala. Ile ilikuwa na dirisha, mlango wenye kitasa na kibao cha jina. Msimamizi alikuwa anastaafu baada ya miezi miwili. Muhuri alikuwa amekwisha kuingia mle mara nyingi mwenyewe hayupo, akakalia kiti, akakizungusha.

Wiki ile vitabu vilitafutwa mjini kama dawa wakati wa kipindupindu. Afisa utumishi alipata kimoja chenye picha ya mtu wa tai amesimama juu ya mlima, akawa anakibeba jalada likitazama nje, hata akienda chooni. Mhasibu aliingia dukani akaomba kinene kuliko vyote, na siku hiyo hiyo akakitia utepe katikati, waone kwamba amefika mbali. Dereva alisema yeye anasoma kitabu cha maelekezo ya gari jipya la idara. Walimcheka mpaka machozi, ingawa ni yeye peke yake aliyekuwa anasema kweli.

Muhuri hakuwa na kitabu. Tangu amalize shule hakuwahi kufungua kitu chenye kurasa zaidi ya faili.

*

Nyumbani kwake kitabu kilikuwepo. Alikuwa akikiona miaka miwili bila kukiona, kama mtu asivyoliona beseni lake mwenyewe.

Kilikuwa cha mkewe. Mkewe alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali kuu, kukunja na kupiga pasi mashuka, na siku moja kitabu kile kilianguka kutoka katika mzigo wa mashuka ya wodini, kimelowa. Alikipeleka wodini, akaambiwa aliyekuwa kwenye kitanda kile hayupo tena. Alikianika juu ya bomba la maji ya moto. Jalada lilikuwa limekwisha kung'oka, kurasa za mwanzo zenye jina zilikuwa uji, na za mwisho, hajui ngapi, zilikuwa zimebaki kwenye maji ya povu. Alikivika karatasi ya kalenda, akakisoma. Alipofika mahali kilipokatikia alirudi mwanzo, akakisoma tena. Sasa alikuwa amekisoma mara nne.

Jumapili mchana, mwanamke akiwa anapiga pasi sare ya binti yao wa miaka kumi na miwili, mume alikuja akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Mama," akasema, "hicho kitabu chako kinahusu nini?"

Mwanamke aliinua pasi, akamtazama. Katika ndoa yao alikuwa ameulizwa chumvi iko wapi, soksi ziko wapi, na nani amehamisha redio.

"Unataka kujua kweli?"

"Si nakuuliza?"

"Kinamhusu mwanamke mmoja, mjane wa fundi saa," akaanza, na pasi akaisimamisha kabisa. "Mumewe alifungwa kwa wizi ambao hakuufanya, akafia gerezani. Alifungwa kwa sababu mtu mmoja alisimama mahakamani akasema, nilimwona kwa macho yangu. Na hakumwona. Sasa yule mama anachukua saa ya ukutani, ya mwisho kutengenezwa na mumewe, anaitia mgongoni, anatoka mji hadi mji kumtafuta yule shahidi."

"Anamtafuta amfanye nini?"

"Ndiyo utamu wake. Hasemi. Kila anayemwuliza anajibiwa, nitajua nikimwona."

Alisimulia hadi nguo zikapoa. Alikuwa na namna yake: hakupandisha sauti, ila mikono ilifanya kila kitu ambacho watu wa kitabuni walikifanya. Binti aliyekuwa anaandika mazoezi yake mezani aliweka kalamu chini, ingawa hadithi ile aliijua. Mume alisikiliza kwa makini sana, midomo ikicheza, na mwanamke akadhani amefurahi. Kumbe alikuwa anakariri.

*

Jumatatu ikafika. Mhasibu alisimama akasema kitabu chake kinafundisha nidhamu. Afisa utumishi akasema chake kinafundisha nidhamu pia, hasa asubuhi. Mwangwi akasema anasoma kile anachokisoma mkurugenzi. Watu walianza kusinzia.

Ndipo Muhuri akasimama, akamtoa yule mjane na saa yake mgongoni. Alipofika mahali ambapo mjane anavuka daraja bovu na saa inaanza kugonga yenyewe mgongoni mwake, mpokea wageni alishika shavu. Hata mkurugenzi aliacha kuchezea simu.

"Ajabu," mkurugenzi akasema. "Kitabu hicho kinaitwaje?"

Muhuri hakuwa amejiandaa kwa hilo. Macho yalimtoka, yakakimbia ukutani. Mafundi walikuwa wamepaka rangi mpya wiki iliyopita, na karatasi waliyobandika ilikuwa bado ipo pale.

"Usiegemee Ukuta," akasema.

"Ah!" mkurugenzi akapiga meza. "Usiegemee Ukuta! Nilikisoma nikiwa chuoni ng'ambo. Kitabu kizito hicho."

"Kizito," akasema Mwangwi. "Mimi nilikisoma mara mbili."

Afisa utumishi akakumbuka kwamba kwao kilikuwa kwenye kabati la marehemu baba yake. Mhasibu akasema yeye aliazimwa, akakimaliza kwa siku moja, akalia. Mpokea wageni aliyekuwa nyuma ya mhasibu aligeuka kuisoma ile karatasi ya mafundi, akairudia kuisoma, akafunga mdomo. Alikuwa na mkataba wa miezi mitatu mitatu.

Toka siku ile Muhuri akawa Profesa. Kila Jumapili mkewe alimpa sehemu, kila Jumatatu aliipeleka kazini ikiwa bado ya moto. Aliwapelekea mchimba visima aliyempenda mjane na kumsindikiza miji mitatu. Aliwapelekea kifo cha mchimba visima, siku kisima kilipomwangukia, na siku hiyo mhasibu, aliyekuwa amekwisha kulia kitabu kizima, alilia upya. Mkurugenzi alikuwa nje kwa semina nyingine Jumatatu hiyo. Ukutani palipandishwa ubao wenye picha za wafanyakazi na chini ya kila picha kitabu anachokisoma, na picha ya Muhuri ikawekwa juu, katikati.

Sifa zikamkaa vibaya. Alianza kuvaa miwani ya kusomea aliyoinunua barabarani, iliyomfanya apepese macho na kugonga milango. Nyumbani alimkatiza mkewe. "Fupisha. Hapo umerefusha bure." Au, "Usiseme alikwenda sokoni, sema alielekea sokoni." Mwanamke aliyesimulia kwa raha mwezi mzima alianza kusimulia kama mtu anayetoa maelezo polisi.

Jumapili moja alimfikishia mwisho wa kurasa zake. "Mjane amefika. Ni nyumba yenye mlango wa kijani. Anaiteremsha saa. Anabisha hodi. Anasikia miguu inakuja, kitasa kinazunguka. Basi."

"Basi nini?"

"Basi. Hapo ndipo palipokatika."

"Sasa mimi kesho niwaambie nini?" Muhuri alikasirika kana kwamba amenyimwa chakula.

"Waambie hivyo hivyo. Kwani wao watajuaje?"

"Wao wanajua. Wamekisoma."

Mwanamke alikaa. "Nani amekisoma?"

"Wote. Mkurugenzi alikisoma ng'ambo. Naibu mara mbili. Mhasibu, afisa utumishi, wote."

"Chote? Mpaka mwisho?"

"Sasa mtu anasoma kitabu nusu?"

Kama angekuwa mtu wa kumtazama mkewe, angeona uso wake ukifunguka. Mwanamke huyu alikuwa amekaa miaka miwili mbele ya mlango ule wa kijani. Alikuwa amewauliza wauza vitabu wa barabarani, akaulizwa jina la kitabu, akakosa jibu, akaonekana mjinga. Na kumbe mwisho ulikuwa umekaa pale Idara ya Ardhi, vichwani mwa watu kumi na wanne.

"Basi niulizie," akasema. "Tafadhali, baba. Nani alifungua mlango, na mjane alifanya nini. Hilo tu."

"Nitauliza."

Hakuuliza. Kazini alilimega fungu lile la mwisho kidogo kidogo kila Jumatatu. Nyumbani wiki ya kwanza alisema mkurugenzi amesafiri. Wiki ya pili alisema ana kikao. Wiki ya tatu mwanamke aliacha kumkumbusha, na mume akashukuru kwamba amesahau.

*

Siku ya Familia na Usomaji iliangukia Jumamosi asubuhi, ukumbini, wiki moja kabla ya msimamizi wa masjala kuondoka. Barua ya kumteua mrithi wake, afisa utumishi alimnong'oneza Muhuri, ilikuwa mezani kwa mkurugenzi ikingoja sahihi tu. "Jina ni lako, Profesa. Labda leo uanguke jukwaani."

Familia zilikaa kwenye viti vya plastiki. Soda ziligawiwa kwa cheo: mbele baridi, nyuma za moto. Mke wa Muhuri alikuwa amevaa gauni lake la buluu, lililopigwa pasi kama mtu mwenye kazi hiyo anavyojua kupiga. Mikononi alishika mkoba mkubwa. Mumewe alidhani amebeba sweta ya mtoto.

Mkurugenzi alihutubia dakika arobaini. Alisema idara yake sasa inasoma kuliko idara zote. Alimsimamisha Muhuri, akamsifu, akataja Usiegemee Ukuta, na ukumbi ukapiga makofi. Mke wa Muhuri naye alipiga, ingawa hakujua kitabu hicho kinachotajwa ni kipi.

"Kwa kuwa leo ni siku ya familia," mkurugenzi akamaliza, "nani ana swali?"

Kwa kawaida hapo ndipo watu wanapotazama viatu vyao. Mwanamke wa gauni la buluu alisimama.

"Samahani, mheshimiwa. Mimi ni mke wa karani wa masjala."

"Mke wa Profesa wetu! Karibu, shemeji, karibu."

"Nashukuru. Mume wangu ameniambia nyote mmekisoma kile kitabu cha mjane wa fundi saa. Mimi sijui mwisho wake. Nimeutafuta sana. Naomba mniambie tu, yule mama alipobisha hodi, alifanya nini?"

Mkurugenzi alitabasamu, akatazama dari kama mtu anayekumbuka ujana wake. "Mwisho mzuri sana ule, shemeji. Anasamehe. Anasamehe, halafu anaolewa na yule mchimba visima, wanajenga."

"Wanajenga," akasema Mwangwi.

Mwanamke alikunja uso, si kwa ubishi, kwa kutaka kuelewa. "Lakini mchimba visima si alikufa? Kisima kilimwangukia, hata hawakuutoa mwili. Mjane akaacha kitambaa chake pale juu ya mawe."

Watu wa viti vya nyuma walianza kusikiliza.

"Alidhaniwa amekufa," mkurugenzi akasema. "Mhasibu, hebu mkumbushe shemeji."

Mhasibu alisimama nusu. "Mimi nilivyosoma… shahidi ndiye aliyekufa. Anafika anakuta msiba."

"Si kwamba anampeleka mahakamani?" aliuliza afisa utumishi, kisha akajuta.

"Zote ni sawa," akasema Mwangwi, kwa mara ya kwanza bila kuwa na wa kumfuata, na sauti ikamkauka.

Mke wa Muhuri aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Bado hakuwa ameelewa. Ilikuwa kazi ngumu kwake kufikiri kwamba watu wa tai, wenye ofisi, wangeweza kusema uongo juu ya kitu kidogo hivyo. Akafungua mkoba.

"Pengine ni vitabu viwili tofauti," akasema kwa upole, akakitoa kikiwa katika karatasi yake ya kalenda. "Mimi nasema hiki. Hakina jalada wala jina. Ndicho ninachomsomea mume wangu kila Jumapili. Labda nyie mna kizima mniazime siku moja tu, nasoma haraka."

Pale mlangoni mpokea wageni alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Shingo ya mkurugenzi ilivimba juu ya kola. Hakumtazama mwanamke. Alimtazama Muhuri, na Muhuri akayasoma macho yale vizuri kuliko alivyowahi kusoma chochote.

"Profesa," mkurugenzi akasema polepole. "Hebu tusaidie. Hicho ndicho kitabu unachotusimulia?"

Muhuri alisimama. Alimwona mkewe, kitabu kifuani, akimgeukia kwa matumaini, maana huyu angalau alikuwa anajua. Alimwona binti yake pembeni ya mama yake. Kisha akaliona akilini dirisha la ofisi ya msimamizi, kitasa, kibao cha jina.

"Hapana, mheshimiwa," akasema. "Hicho ni kikaratasi tu alichookota kwenye nguo za wagonjwa. Mnisamehe. Mke wangu kusoma kwake ni kwa kubahatisha. Huwa namsomea mimi jioni, halafu yeye anachanganya na mambo yake ya kufulia."

Kicheko kilichofuata hakikuwa cha furaha. Kilikuwa cha watu kumi na wanne walioopolewa majini. Mkurugenzi alicheka akashika tumbo. Mhasibu alicheka hadi akakohoa. "Mambo ya kufulia!" akarudia Mwangwi, mzima tena. Wake zao nao walicheka, bila kujua wanacheka nini, wakiwatazama waume zao wajue waache lini.

Mwanamke alibaki amesimama mpaka kicheko kikaisha. Kisha alikirudisha kitabu mkobani, akaketi, akanyoosha gauni magotini kwa kiganja, mara moja, mara mbili. Hakulia. Makofi yalipopigwa tena hakupiga.

*

Walirudi kwa miguu. Muhuri alitangulia, akiwa anaeleza bila kuulizwa. Kwamba wao wanawake hawajui ofisi ilivyo. Kwamba alikuwa amewekwa kwenye kona. Kwamba cheo si chake peke yake, ni cha nyumba nzima.

"Baba," binti akasema, "mama ndiye aliyenifundisha kusoma. Kabla sijaanza shule. Wewe ulikuwepo."

"Nyamaza. Hayo ni mambo ya wakubwa."

"Ulikuwepo," mtoto akasema tena. Akamshika mama yake mkono, jambo ambalo alikuwa ameliacha tangu ajione mkubwa.

Nyumbani mama aliandaa chakula, akakigawa, akala. Kesho yake, Jumapili, Muhuri alikaa kwenye ukingo wa kitanda kama kawaida.

"Nimefikiri," akasema. "Tunaweza kuanza upya kutoka mwanzo, ila tuongezee mambo. Au kuna kitabu kingine huko hospitali?"

Mkewe alikuwa anakunja taulo. "Sijui," akasema. "Kusoma kwangu ni kwa kubahatisha."

Alilisema bila hasira, kama mtu anayesoma maandishi yaliyobandikwa ukutani, akaendelea na taulo.

Barua ilitoka Jumatano. Muhuri alihamia ofisi ya msimamizi, akakuta dirisha halifunguki: lilikuwa limepakwa rangi likiwa limefungwa. Kibao cha jina kiliandikwa kikakosewa herufi. Jumatatu mbili alisimama mbele ya wenzake na mambo ya kubuni, mjane akafanya hili, saa ikafanya lile, na hadithi ikamfia mdomoni. Hakuna aliyelalamika. Hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kulalamika. Jumatatu ya tatu mkurugenzi alirudi kutoka semina nyingine akatangaza kwamba siri ya mafanikio ni kukimbia. Ubao wa vitabu ulitolewa. Ndani ya wiki moja idara nzima ilikuwa na raba mpya, na mhasibu aliyekuwa hawezi kupanda ngazi bila kupumzika akawa anasimulia kilometa zake. Kitabu chake kinene kiliwekwa chini ya mguu mfupi wa meza.

Nyumbani hakukuwa na ugomvi, na hilo ndilo lililomtesa. Aliulizwa kama ameshiba. Aliambiwa sabuni imekwisha. Hakusikia kingine. Mama na binti walikuwa na maongezi yao, na alipoingia yaliisha, kwa adabu kabisa, kama watu wanaompisha mgeni njiani. Alinunua kitabu, kipya, chenye jalada la kumeremeta, akakiweka mezani akasema ni cha mama. Kilikaa pale. Siku ya kumi alijaribu kukisoma yeye. Alifika ukurasa wa tatu na kugundua kwamba hakumbuki hata neno moja la ukurasa wa kwanza.

*

Siku moja mchana, wakati wenzake wakizunguka jengo na raba zao, Muhuri alitoka akaenda hospitali kuu. Hakuwa na mgonjwa. Katika miaka yote hakuwahi kufika mahali mkewe anapofanyia kazi, akalazimika kumwuliza mlinzi.

Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma, kupita chumba cha maiti. Joto lilimpiga usoni mlangoni. Mashine mbili zilikuwa zimezimwa kwa ajili ya mapumziko, na kati yake, juu ya marobota ya mashuka, walikaa wanawake saba, wengine wakila, wengine mikono ikiendelea kukunja. Mkewe alikuwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kitabu magotini. Alikuwa anasoma kwa sauti, sauti ile ya zamani isiyopanda, na mkono wa kulia ukifanya daraja bovu.

Alimwona. Alimaliza sentensi aliyokuwa anaisoma, akaweka kidole mahali alipofika.

"Una shida?" akauliza.

Muhuri alikuwa amepanga maneno njiani, maneno marefu. Joto liliyayeyusha yote.

"Huyo nani?" aliuliza mmoja wa wanawake, mama wa makamo mwenye mikono minene iliyobabuka kwa dawa.

"Mume wangu."

"Yule wa ofisini? Profesa?" Wanawake walitazamana, na ilikuwa wazi kwamba wanajua kila kitu. Yule mama alimpima kutoka juu hadi chini, miwani, tai, viatu. "Haya, Profesa. Nyie si mlikisoma chote? Hebu tuambie. Alifungua nani mlango?"

Hakuna aliyecheka. Walingoja tu. Muhuri alivua miwani, iliyokuwa imejaa ukungu wa mvuke.

"Sijakisoma," akasema. "Sijawahi kukisoma. Hakuna aliyekisoma pale. Ni yeye tu. Na anasoma vizuri. Nilisema uongo."

Mama wa makamo aligeuka kumtazama mwenye kitabu, amwachie hukumu. Mke wa Muhuri hakukiondoa kidole kwenye ukurasa.

"Ungeyasema hayo kule ukumbini," akasema.

"Najua."

"Hawa wa hapa walikuwa wanayajua tayari."

Hakumwambia akae, wala hakumwambia aondoke. Aliinamisha macho, akatafuta mstari wake. Muhuri alibaki mlangoni, hajui aweke wapi mikono.

"Unaziba hewa," yule mama mnene wa mikono akamwambia. "Ingia au toka. Na hapa hasikilizi mtu mikono mitupu. Shika."

Alimtupia ncha mbili za shuka. Muhuri alizishika. Yeye na yule mama walirudi nyuma, wakalivuta, wakakaribiana, na pembe zake zikapishana kwa shubiri nzima. Mama alisonya, akalinyang'anya, akalikung'uta, akampa tena. Mara ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, na sasa wanawake walicheka, kicheko kikubwa kisicho na haya, hadi mmoja akapaliwa na chakula.

Mkewe hakucheka. Alilowesha kidole kwa ulimi, akafungua ukurasa, akaanza kusoma.